Kuhamia Majimbo ya Joto: Hesabu ya Familia Changa Nchini Marekani

Kwa zaidi ya nusu karne sasa, wakazi wa Marekani wamekuwa wakiyahama majimbo ya kaskazini-mashariki na yale yanayopakana na maziwa makubwa ya kaskazini, ambako theluji hufunika ardhi kwa miezi kadhaa ya mwaka, na kuelekea katika eneo pana la kusini linaloanzia North Carolina na South Carolina, likapita Georgia, Florida na Texas, hadi Arizona na Nevada. Eneo hilo huitwa Ukanda wa Jua, jina lililoenezwa na mchambuzi wa siasa Kevin Phillips katika kitabu chake cha mwaka 1969, na ukubwa wa uhamaji huo hudhihirika kila sensa inapofanyika, kwa kuwa viti 435 vya Baraza la Wawakilishi hugawanywa upya kila baada ya miaka 10 kulingana na idadi ya watu wa kila jimbo. Baada ya sensa ya 2020, Texas iliongezewa viti 2, Florida na North Carolina zikapata kiti kimoja kila moja, ilhali New York, Pennsylvania, Ohio, Michigan na Illinois zilipokonywa kiti kimoja kila moja. Waliosababisha mabadiliko hayo ni mamilioni ya watu waliofunga mizigo yao, wengi wao wakiwa wazazi vijana wenye watoto wadogo, na miongoni mwao wamo Wakenya, Watanzania na Wakongo ambao Kiswahili ndiyo lugha ya sebuleni kwao.

Sababu zinazotajwa na familia hizo ni zilezile karibu kila mahali: pango nafuu, nyumba kubwa zaidi kwa fedha ileile, kazi zinazoongezeka, na majira ya baridi yasiyomfungia mtoto ndani tangu Novemba hadi Machi. Sababu hizo ni za kweli, lakini hazitoshi. Anayehama kutoka jimbo moja kwenda jingine nchini Marekani habadilishi hali ya hewa peke yake, bali anatoka chini ya mfumo mmoja wa sheria za kodi, afya, kazi na elimu na kuingia chini ya mwingine. Tena utafiti wa kiuchumi wa miongo mitatu iliyopita umeonyesha kwamba faida kubwa kuliko zote za uhamaji, pale inapopatikana, humwendea mtoto zaidi kuliko mzazi, na kwamba faida hiyo hutegemea mtaa anakolelewa na umri aliokuwa nao alipofika huko. Mambo haya mawili, yaani sheria za jimbo na mtaa wa mtoto, yanastahili kupewa uzito kuliko jua na hata kuliko mshahara wa kwanza.

Ukanda wa Jua haukuwa kivutio siku zote. Mwaka 1950 mji wa Phoenix, makao makuu ya Arizona, ulikuwa na wakazi wapatao 107,000 tu; sensa ya 2020 iliwahesabu zaidi ya milioni 1.6. Kilichowezesha ukuaji huo kwanza ni kiyoyozi, mashine ambayo mhandisi Willis Carrier aliibuni mwaka 1902 kwa ajili ya kudhibiti unyevu katika kiwanda cha uchapaji huko Brooklyn, na ambayo baada ya Vita vya Pili vya Dunia ilishuka bei hadi ikaingia katika nyumba za watu wa kawaida. Vita vyenyewe vilileta kambi za kijeshi na viwanda vya ndege kusini, na sheria ya barabara kuu ya 1956 iliunganisha miji ya huko na masoko ya nchi nzima. Sheria nyingine ya shirikisho, ya mwaka 1947, iliyaruhusu majimbo kupiga marufuku mikataba inayomlazimisha mfanyakazi kulipa ada ya chama cha wafanyakazi, na majimbo mengi ya kusini yaliitumia ruhusa hiyo haraka, jambo lililowavutia waajiri na kuwaacha wafanyakazi wakiwa na sauti ndogo zaidi kuliko wenzao wa kaskazini. Ardhi tele na masharti mepesi ya ujenzi viliongeza nyumba kwa kasi, na ndiyo maana bei zake zilibaki chini kwa muda mrefu hata idadi ya watu ilipopanda.

Kwa watu weusi historia hii ina sura yake. Kati ya 1910 na 1970, Wamarekani weusi wapatao milioni 6 waliikimbia kusini kwa sababu ya ubaguzi uliohalalishwa na sheria, mauaji ya watu weusi mikononi mwa makundi ya raia na umaskini wa mashambani, wakaenda Chicago, Detroit, New York na miji mingine ya viwanda. Tangu miaka ya 1970 mkondo huo uligeuka, na wajukuu wa waliokimbia wakaanza kurudi, hasa Atlanta, Dallas, Houston na Charlotte. Mhamiaji kutoka Afrika Mashariki anayefika Atlanta leo hukuta mji wenye tabaka kubwa la kati la watu weusi, vyuo vyao vya kihistoria kama Morehouse na Spelman, makanisa yao na wafanyabiashara wao, na hilo humpunguzia upweke ambao angeupata katika mji mdogo wa kaskazini.

Wazungumzaji wa Kiswahili waliifikia Marekani kwa njia tofauti. Wakenya na Watanzania wengi walikwenda kusoma, au walishinda bahati nasibu ya viza iliyoanzishwa na sheria ya uhamiaji ya 1990, au waliwafuata ndugu waliotangulia, na hivyo waliweza kuchagua pa kuanzia. Wakongo wengi, kwa upande wao, walifika kama wakimbizi baada ya miaka mingi katika kambi za Nyarugusu nchini Tanzania, Kakuma nchini Kenya au Nakivale nchini Uganda, na mji wao wa kwanza ulipangwa na mashirika ya kuwapokea wakimbizi, isipokuwa pale walipokuwa na jamaa waliokwisha kutangulia. Familia iliyozaliwa na kukulia karibu na ikweta iliweza kujikuta Buffalo, Des Moines au Grand Rapids katikati ya Januari. Msaada wa mapokezi kwa kawaida ulihesabiwa kwa siku 90 za mwanzo, na kwa kuwa mkimbizi halali yuko huru kuishi jimbo lolote, familia nyingi ziliondoka mara zilipopata nauli na taarifa. Wataalamu huuita huo uhamaji wa pili, na mara nyingi huongozwa na simu ya binamu au ya mshirika wa kanisa kuliko takwimu yoyote.

Hata hivyo wote hawaelekei kusini. Katika kiangazi cha 2019 mamia ya waomba hifadhi, wengi wao kutoka Kongo na Angola, walisafiri kutoka mpaka wa Texas hadi Portland katika jimbo la Maine, miongoni mwa majimbo yenye baridi kali zaidi nchini, kiasi kwamba mji huo ulilazimika kuwalaza kwa muda katika ukumbi wa michezo. Walivutwa na habari kwamba Maine huwapa waomba hifadhi msaada wa pango na chakula wakati wakisubiri ruhusa ya kufanya kazi, msaada ambao Texas haikuwa nao. Uamuzi wao ulikuwa na mantiki kamili, kwa sababu waliisoma sheria ya jimbo kabla ya kuangalia kipimajoto.

Sheria inayotajwa kwanza katika mazungumzo ya kuhama ni ya kodi. Mkazi wa Marekani hulipa kodi ya mapato ya shirikisho popote alipo, lakini juu yake majimbo mengi huweka kodi yao wenyewe. Texas, Florida, Tennessee na Nevada hazitozi kodi ya jimbo kwenye mshahara, ilhali Georgia, Arizona na majimbo yote mawili ya Carolina huitoza, jambo ambalo wengi wanaodhani kusini yote ni sawa hawalijui. Jimbo lisilotoza mapato hupata fedha zake kwingine. Texas hutegemea kodi ya mauzo, ambayo pamoja na nyongeza za miji hufikia asilimia 8.25, na kodi ya mali isiyohamishika, yaani kodi ambayo mwenye nyumba hulipa kila mwaka kulingana na thamani iliyokadiriwa. Kodi hiyo ya pili huko Texas ni miongoni mwa zilizo juu kabisa nchini, na kwa nyumba ya dola 300,000 inaweza kupita dola 4,500 kwa mwaka, ingawa tangu 2023 mwenye nyumba anayeishi ndani yake hupewa msamaha mkubwa zaidi katika sehemu inayokwenda shuleni. Mpangaji naye hajaepuka, kwa kuwa mwenye nyumba huipachika gharama hiyo katika pango. Kodi ya mauzo ndiyo inayomwelemea zaidi mwenye kipato kidogo, kwa sababu hutumia karibu kila anachopata, na familia yenye mtoto mchanga hununua kila wiki.

Kuhusu mshahara, kima cha chini cha shirikisho kimekaa dola 7.25 kwa saa tangu Julai 2009, na Texas, Georgia, Tennessee na majimbo yote mawili ya Carolina hayajaweka kiwango cha juu zaidi, wakati Massachusetts ililifikia lengo la dola 15 mwaka 2023. Florida ni tofauti, kwani wapiga kura wake waliamua mwaka 2020 kwamba kima hicho kipande hatua kwa hatua hadi dola 15 mwaka 2026. Ni kweli kwamba maghala, hospitali na kampuni za usafirishaji huko Dallas au Atlanta hulipa zaidi ya kiwango cha sheria, kwa sababu hushindania wafanyakazi. Lakini mzazi anayetoka Boston, mji wa Massachusetts, ambaye amekuwa akibeba maboksi ghalani au kuwatunza wazee kwa malipo ya kaskazini, anapaswa kuulinganisha mshahara mpya na pango jipya kwa pamoja, asichukue pango la Houston akalipigia hesabu kwa mshahara wa Boston.

Wauguzi wana jambo la ziada, na jambo hilo ni muhimu kwa sababu uuguzi ndio uliowainua Wakenya wengi huko. Leseni ya muuguzi hutolewa na jimbo, si na taifa, lakini majimbo zaidi ya 40 yameingia katika mapatano yanayomruhusu muuguzi wa jimbo mwanachama kufanya kazi katika mengine kwa leseni moja. Texas, Florida, Georgia, Arizona na North Carolina zimo. New York na Minnesota zilikuwa bado hazijajiunga kufikia mwaka 2024. Muuguzi anayetoka Minneapolis, mji wa Minnesota, kwa hiyo huhitaji kuomba leseni mpya kabla ya kuhama, na maombi hayo huchukua majuma kadhaa ambayo familia isiyo na akiba haiwezi kuyamudu bila kipato. Wasaidizi wa wauguzi nao husajiliwa jimbo kwa jimbo, na usajili wao unapaswa kuhamishwa kabla ya zamu ya kwanza.

Tofauti inayoumiza zaidi familia changa, na ambayo huzungumzwa kidogo kuliko zote, ni ya matibabu. Marekani ina mpango wa bima ya afya kwa wenye kipato kidogo uitwao Medicaid, unaogharimiwa kwa pamoja na serikali ya shirikisho na majimbo lakini unaoendeshwa na kila jimbo kwa masharti yake. Sheria ya mageuzi ya afya ya 2010 ilikusudia kuupanua ili uwafikie karibu watu wazima wote walio karibu na mstari wa umaskini, lakini mwaka 2012 Mahakama ya Juu iliamua kwamba majimbo yasilazimishwe. Matokeo yake ni kwamba New York, Minnesota, Illinois na Massachusetts ziliupanua, North Carolina ikajiunga Desemba 2023, na Texas, Florida, Georgia, Tennessee na South Carolina hazikuupanua. Katika majimbo hayo ya mwisho kuna pengo: mzazi raia ambaye kipato cha familia yake kiko chini ya mstari wa umaskini, uliokuwa dola 31,200 kwa mwaka kwa familia ya watu wanne mwaka 2024, anaweza kukosa Medicaid kwa kuwa kipato chake kinapita kikomo cha jimbo, ambacho huko Texas ni dola mia chache tu kwa mwezi, na wakati huohuo akakosa ruzuku ya serikali ya kununulia bima binafsi kwa kuwa ruzuku hiyo huanzia juu ya mstari wa umaskini. Si ajabu kwamba Texas ndilo jimbo lenye sehemu kubwa kuliko yote ya watu wasio na bima.

Watoto wana hali nafuu, kwa sababu kuna mpango wao unaowafikia katika majimbo yote kwa viwango vya kipato vilivyo juu zaidi kuliko vya wazazi, na wajawazito nao hulindwa. Lakini kadi ya Medicaid ya jimbo moja haihamishiki. Familia inapohama hupaswa kuomba upya, na mama mwenye ujauzito wa miezi 7 anayehama bila kujua hilo anaweza kukaa majuma akitafuta kliniki itakayompokea. Masharti ya wahamiaji yana vifungu vyake, kwani watu wazima wengi wenye ukaaji wa kudumu husubiri miaka 5 kabla ya kustahili Medicaid, na sheria hizo hubadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo jawabu la jirani aliyehama miaka mitatu iliyopita huenda lisifae tena. Inasikitisha kwamba jambo zito hivi mara nyingi hujulikana baada ya lori la mizigo kuondoka.

Sasa kuhusu watoto wenyewe. Kati ya 1994 na 1998 serikali ya Marekani ilifanya jaribio katika miji mitano, yaani Baltimore, Boston, Chicago, Los Angeles na New York, likihusisha familia takriban 4,600 zilizoishi katika nyumba za umma kwenye mitaa yenye umaskini mkubwa. Kwa kura, baadhi ya familia zilipewa vocha, yaani hati ya kulipia sehemu ya pango, kwa sharti la kuhamia mtaa wenye umaskini mdogo, na nyingine hazikupewa vocha ya namna hiyo. Kwa miaka mingi matokeo yaliwavunja moyo watafiti, kwa kuwa kipato cha wazazi hakikupanda, ingawa afya yao ya mwili na ya akili iliimarika. Ni mwaka 2015 ambapo wanauchumi Raj Chetty, Nathaniel Hendren na Lawrence Katz walirudi kuwaangalia wale waliokuwa watoto, nao wakakuta kwamba waliohamia mitaa bora kabla ya kutimiza miaka 13 walikuwa na kipato cha juu kwa takriban asilimia 31 walipofika katikati ya miaka yao ya ishirini, na walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kwenda chuo. Waliohama wakiwa vijana wa miaka 13 na zaidi hawakupata faida hiyo, na huenda walipata hasara kidogo, pengine kwa sababu kung'olewa kutoka kwa marafiki na walimu katika umri huo kuna gharama yake.

Utafiti mwingine wa Chetty na Hendren, uliofuatilia mamilioni ya familia zilizohama kati ya maeneo mbalimbali, ulionyesha kwamba faida hujengeka mwaka kwa mwaka: kila mwaka mtoto anaokaa katika eneo bora huziba takriban asilimia 4 ya pengo kati yake na watoto waliozaliwa hapo. Maeneo yaliyowainua watoto maskini yalikuwa na sifa zinazofanana, nazo ni ubaguzi mdogo wa makazi kwa rangi na kwa kipato, shule zenye matokeo mazuri, jamii zenye mshikamano, na familia nyingi zenye wazazi wawili.

Hapa ndipo Ukanda wa Jua unapohitaji kutazamwa kwa makini. Katika utafiti wa 2014 wa wanauchumi haohao, uliowahusu watoto waliozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, mtoto aliyelelewa katika moja ya tano ya kaya maskini kabisa huko San Jose, California, alikuwa na nafasi ya asilimia 12.9 ya kuifikia moja ya tano ya juu kabisa ya kipato utu uzimani; huko Charlotte nafasi hiyo ilikuwa asilimia 4.4, na Atlanta 4.5, miongoni mwa nafasi za chini kabisa katika miji mikubwa. Charlotte na Atlanta ni miji iliyokuwa ikikua kwa kasi, yenye benki, viwanja vikubwa vya ndege na ajira tele, na bado watoto wa maskini wa miji hiyo walibaki chini, kwa maana ajira nyingi nzuri zilichukuliwa na watu wazima waliotoka kwingine wakiwa na elimu yao tayari. Mzazi mhamiaji aliyesomea uuguzi au uhasibu anaweza kuwa mmoja wa hao wanaonufaika, huku mwanawe akisoma katika shule ya mtaa usiomsaidia.

Lakini takwimu za mji mzima huficha tofauti za mitaa yake. Kikundi cha Chetty cha Chuo Kikuu cha Harvard kilishirikiana na Ofisi ya Sensa kutoa mwaka 2018 ramani ya intaneti inayoonyesha, mtaa kwa mtaa, watoto waliokulia hapo walipata kipato gani baadaye, na ramani hiyo hutumiwa bure. Huonyesha kwamba mitaa miwili iliyotenganishwa na barabara moja inaweza kutofautiana sana, hata pale ambapo pango halitofautiani kwa kiasi hichohicho. Kwa familia yenye mtoto wa miaka 3, jioni moja ya kuichunguza ramani hiyo kabla ya kusaini mkataba wa pango ina thamani kubwa kuliko nyongeza ya dola 2 kwa saa.

Kuna pia mambo ya shule yanayotofautiana kwa jimbo na yanayoweza kunufaisha familia changa kusini. Georgia ilianza kutumia fedha za bahati nasibu ya jimbo kugharimia elimu ya awali ya watoto wa miaka 4 mwaka 1993, na tangu 1995 mpango huo uko wazi kwa wote bila kujali kipato, ingawa nafasi huweza kujaa. Florida ina mpango wa aina hiyo tangu 2005. Texas huwapokea bure watoto wa miaka 4 wenye vigezo fulani, na kimojawapo ni mtoto kutozungumza wala kuelewa Kiingereza, kwa hiyo mtoto aliyelelewa kwa Kiswahili nyumbani anaweza kustahili kwa sababu hiyohiyo ambayo wazazi wengine huiona kuwa kasoro. Kwa upande mwingine, New York City humwandikisha darasa la kwanza la chekechea ya umma mtoto anayetimiza miaka 5 ndani ya mwaka huo wa kalenda, ilhali Texas, Florida na Georgia hudai awe ametimiza ifikapo 1 Septemba. Mtoto wa Oktoba ambaye angeanza New York atasubiri mwaka mzima Houston, na mzazi atalipia malezi ya mwaka huo. Muhula nao huanza mapema kusini, mara nyingi mwanzoni au katikati ya Agosti, wakati shule nyingi za kaskazini-mashariki hufunguliwa Septemba, na familia inayofika mwishoni mwa Agosti huwakuta wenzao wamekwisha kusonga.

Miji ya Ukanda wa Jua ilijengwa kwa ajili ya gari. Familia iliyozoea basi na treni za New York au Chicago itahitaji gari, na wazazi wote wawili wakifanya kazi watahitaji mawili, pamoja na bima, mafuta na matengenezo yake. Gharama hiyo pekee inaweza kumeza akiba yote iliyotokana na pango nafuu, hasa kwa kuwa nyumba zenye bei rahisi ziko mbali na kazi.

Joto lenyewe, ambalo wengi hulifuata, lina madhara yake. Mwaka 2023 Phoenix ilipitia siku 31 mfululizo ambazo joto la mchana lilifikia au kuzidi nyuzi 43, na wilaya yake ya Maricopa ilihesabu vifo 645 vilivyohusiana na joto mwaka huo. Watoto wachanga hupoteza maji mwilini haraka kuliko watu wazima, na kila mwaka zaidi ya watoto 35 kwa wastani hufa nchini Marekani kwa kubaki ndani ya magari yaliyopata joto, hatari ambayo mzazi aliyetoka kaskazini huenda hajazoea kuifikiria. Kiyoyozi huko si anasa, na bili ya umeme ya Julai inapaswa kuwekwa katika bajeti tangu Januari. Upande wa pwani kuna vimbunga: kimbunga Harvey cha Agosti 2017 kilimwaga zaidi ya mita moja ya mvua katika sehemu za eneo la Houston, na wenye nyumba wengi waligundua kwamba bima ya kawaida ya nyumba hailipii mafuriko. Bima ya mafuriko huuzwa kando, hasa kupitia mpango wa shirikisho ulioanzishwa 1968, na kwa kawaida huanza kufanya kazi siku 30 baada ya kununuliwa, hivyo anayeikumbuka kimbunga kikiwa baharini amekwisha kuchelewa. Huko Florida bima ya nyumba ya kawaida nayo imepanda sana, hasa baada ya kimbunga Ian cha Septemba 2022, kiasi cha kuwalazimisha wanunuzi kuihesabu sambamba na mkopo wa nyumba. Hata baridi haijaachwa nyuma kabisa, kwani Februari 2021 dhoruba ya theluji ilizima umeme wa mamilioni ya kaya huko Texas, jimbo ambalo sehemu kubwa ya gridi yake haikuunganishwa vya kutosha na za jirani, na serikali ya jimbo ilihesabu vifo 246.

Kuhusu safari yenyewe hakuna mengi ya kueleza. Lori la kukodi hugharimu zaidi kwa anayeelekea kule wanakoelekea wengi, na kodi ya shirikisho haipunguzwi kwa gharama za kuhama tangu 2018 isipokuwa kwa wanajeshi na wengine wachache. Texas humpa mkazi mpya siku 90 kubadili leseni ya udereva na siku 30 kusajili gari. Asiye raia, akiwemo mwenye kadi ya kijani, yaani kibali cha ukaaji wa kudumu, hupaswa kuijulisha mamlaka ya uhamiaji anwani yake mpya ndani ya siku 10, na barua ya miadi ya uraia ikienda nyumba ya zamani inaweza kuchelewesha mambo kwa miezi mingi.

Kinachobaki kuwa kigumu ni wakati wa kuhama pale watoto wanapotofautiana umri. Familia yenye mtoto wa miaka 4 na kijana wa miaka 16 ina kalenda mbili zinazovutana. Kwa mdogo, kila mwaka wa mapema katika mtaa mzuri ni faida. Kwa mkubwa, kuhama katikati ya sekondari huweza kumfanya akose masomo yanayodaiwa na jimbo jipya ili ahitimu, na huko Texas hulazimika kufaulu mitihani ya jimbo ambayo hakuandaliwa kwayo. Tena vyuo vya umma vya majimbo mengi humtoza ada ya mkazi yule tu aliyeishi humo angalau miezi 12 kabla ya kujiandikisha, na ada ya mgeni inaweza kuwa mara mbili au tatu ya hiyo. Baadhi ya wazazi katika hali hiyo humtanguliza mmoja wao, akapanga chumba kwa ndugu au kwa mshirika wa kanisa au msikiti, akatazama shule na mitaa akiwa kazini, akahamisha leseni na kujua bima, huku mwingine akibaki na watoto hadi shule zifungwe Juni. Mpango huo una uchungu wake, kwa sababu mtoto wa miaka 4 hukaa miezi bila mzazi mmoja, na mzazi anayebaki hubeba zamu za usiku pamoja na malezi bila msaidizi. Ndiyo maana majirani wanaoweza kumpokea mtoto saa 11 alfajiri, wakati mama anapotoka kwenda hospitalini, huwa na uzito mkubwa zaidi katika uamuzi huu kuliko ule wanaopewa na wapangaji wa uchumi, na familia iliyo na watu wa namna hiyo Minneapolis ina sababu ya haki ya kubaki huko, hata Januari inapofika nyuzi 9 chini ya sifuri kwa wastani.